Dhamira na maadili ya shule za kimataifa: msiyasome ukutani, yasomeni kwenye sera na bajeti

Kalamu Nyekundu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimefundisha shule za kimataifa kwa miaka mingi, na nimewahi kukaa kwenye kamati iliyoandika upya dhamira na maadili ya shule. Niliyoyaona humo ndiyo yamenisukuma kuanzisha uzi huu, maana wazazi wengi wanauziwa maneno mazuri bila kupewa kipimo cha kuyapimia.

Kamati ilikuwa na walimu, wazazi, mtu wa bodi na mshauri wa kukodiwa aliyekuja na vikaratasi vya rangi vya kubandika. Kila mmoja akaambiwa aandike neno analoona ndiyo roho ya shule. Ukuta ukajaa: heshima, udadisi, huruma, uadilifu, ujasiri, ushirikiano. Hadi hapo sina neno. Kisha mmoja wetu akagundua kwamba herufi za mwanzo za maneno yale, yakipangwa vizuri, zinakaribia kutoa jina moja tamu la kuchapa kwenye fulana za michezo. Kikao kikahamia huko. "Huruma" ikaondolewa kwa kuwa herufi yake haikuwa na pa kukaa, ikaingizwa "ubora", neno ambalo halikuwa kwenye kikaratasi hata kimoja. Mwalimu wa chekechea alipinga mpaka watu wakaanza kutazama saa. Kura zikapigwa, akashindwa, shule ikapata fulana.

Sasa fungua tovuti za shule kumi za kimataifa, popote pale duniani. Raia wa dunia, viongozi wa kesho, mazingira salama, kila mtoto afikie upeo wa uwezo wake. Ziba nembo na jina, uone kama utaweza kusema hii ni ya nani na ile ni ya nani.

Shule za mwanzo za aina hii hazikuwa hivyo. Shule ya kimataifa ya Geneva ilifunguliwa 1924, miaka 6 tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Waliokuwa nyuma yake ni watu wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi Duniani, waliotaka watoto wao wasome pamoja badala ya kila mmoja kukimbilia shule ya taifa lake. Marie-Thérèse Maurette, aliyeiongoza kuanzia 1929 hadi 1949, alitaka jiografia na historia zianze na dunia nzima, si nchi moja na majirani zake. Mwaka 1948 akaiandikia UNESCO andiko linalouliza kama kweli zipo mbinu za kufundisha amani. Angalieni hapo: miaka karibu 20 kwenye kiti cha mkuu wa shule, na bado anauliza. Siku hizi shule ya miaka miwili inatangaza kwamba imeshafika.

Mwaka 1962 ikafunguliwa Atlantic College kwenye kasri la St Donat's huko Wales. Wazo lilikuwa la Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyekimbilia Uingereza baada ya kufungwa na Wanazi. Hahn alikuwa amealikwa kuzungumza kwenye chuo cha ulinzi cha NATO, akakuta maofisa wa mataifa yaliyokuwa yanauana miaka michache nyuma wanafanya kazi meza moja. Akajiuliza kwa nini jambo hilo lisubiri watu wazeeke. Hapo ndipo ulipoanzia mtandao wa shule zinazoitwa UWC (United World Colleges). Mwaka uliofuata, 1963, ikafunguliwa Waterford huko Swaziland (Eswatini ya leo). Michael Stern, mwalimu kutoka Uingereza, alitaka watoto wa rangi zote wakae darasa moja wakati ng'ambo ya mpaka, Afrika Kusini, sheria zilikuwa zinawatenga. Mandela na Tutu waliwasomesha watoto wao hapo. Kisha 1968 ikaja IB (International Baccalaureate), taasisi yenye mitaala na mitihani inayotumiwa na shule za nchi nyingi, nayo kutoka Geneva.

Kila moja ya hizo ilikuwa inabishana na kitu. Waterford haikuhitaji bango la "tunathamini utofauti". Ilihitaji kukubali kwamba serikali yenye nguvu ya jirani haitaipenda.

Hoja yangu ni hii: dhamira ya kweli inaifunga shule mikono. Kuna pesa itazikataa. Kuna mtoto itampokea ingawa atashusha wastani wa matokeo. Kuna mzazi mzito itamwambia hapana. Kama dhamira haijawahi kuizuia shule kufanya lolote, basi lile ni tangazo la biashara, tusidanganyane.

Chukueni ya IB. Mwishoni inasema wanafunzi waelewe kwamba watu wengine, pamoja na tofauti zao, nao wanaweza kuwa sahihi. Hakuna sentensi nzito kuliko hiyo katika elimu nzima ya kimataifa, na mtihani wake hauji siku ya maonyesho ya bendera na mavazi. Unakuja pale mwalimu wa historia anapofundisha vita ambavyo babu za wanafunzi wake wawili walipigana, kila mmoja upande wake, na mzazi mmoja akaandika barua kali kwa mkuu wa shule. Shule inayoiamini sentensi ile itasimama na mwalimu wake. Isiyoiamini itamwambia airuke hiyo sura.

Uwanja ni wenu.

Jicho la Mwewe

Mkuu umeanza vizuri, ila mzazi wa kawaida atayajuaje hayo? Mimi nikienda napokewa na dada wa udahili, natembezwa, naonyeshwa maktaba na bwawa la kuogelea, napewa kijitabu chenye picha za watoto wanacheka, nasaini. Nani ataniambia kwamba walimwacha mwalimu wa historia peke yake?

Kalamu Nyekundu

Omba sera. Shule iliyoidhinishwa na IB inatakiwa kuwa na sera tano za maandishi: ya udahili, ya ujumuishi (namna ya kuwapokea na kuwasaidia watoto wenye mahitaji maalumu), ya lugha, ya upimaji na ya uadilifu wa kitaaluma. Si siri hizo, na mzazi ana haki ya kuzisoma kabla hajalipa chochote. Dhamira ikisema "kila mtoto" halafu sera ya udahili ikasema mtoto mwenye shida ya kusoma atapokelewa "kutegemea uwezo wa shule", bila kutaja ni walimu wangapi wa msaada wapo, basi umeshapata jibu lako.

Kitu cha pili ni ithibati. Chukua mfano wa Council of International Schools, maarufu CIS. Wao hawaanzi na majengo. Wanaanza na dhamira, dira na maadili ya shule yenyewe, kisha wanauliza: mmesema hivi, ushahidi uko wapi? Shule inajitathmini kwa maandishi, wazazi na wanafunzi na walimu wanajaza dodoso, halafu unakuja ujumbe wa walimu na wakuu kutoka shule nyingine, wanaingia madarasani na kuhoji watu. Shule inatakiwa pia ieleze kwa maneno yake yenyewe inamaanisha nini inaposema inalea raia wa dunia. Uliza: ujumbe ulipokuja mara ya mwisho, uliwaambia mrekebishe nini? Anayejibu bila kigugumizi ana shule hai. Anayesema "walitusifu tu", muage kwa adabu.

Fungu la Kukosa

Jamani tuwe wakweli. Ada ya shule hizi si mchezo. Mimi sinunui dhamira, nanunua matokeo: mtoto apate alama, aingie chuo kikuu kizuri, basi. Maadili nitamfundisha mwenyewe nyumbani, na bibi yake yupo. Shule ikianza kunifundishia mtoto "mtazamo", naanza kuwa na wasiwasi ni mtazamo wa nani. Mwalimu ametoka mbali, ana mkataba wa miaka 2, atanifundishia mwanangu nini kuhusu heshima?

Kalamu Nyekundu

Fungu, swali lako la mwisho ni zuri na nitalirudia. La kwanza, hata hivyo, mtaala wenyewe umelikataa. Diploma ya IB ina alama 45. Masomo 6 yenye alama 7 kila moja, hizo 42. Alama 3 zinatoka kwenye Nadharia ya Maarifa na ile insha ndefu ya maneno 4,000. Halafu kuna ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma, yaani CAS. Hiyo haina alama hata moja, na mtoto asipoikamilisha hapewi diploma, hata awe na 42 mkononi. Waliobuni mpango huu walijua fika kwamba kuna wazazi kama wewe, wakafunga mlango mapema.

Begi Mgongoni

Nimesoma shule tatu za kimataifa, nchi tatu, kwa hiyo niruhusuni niseme kama bidhaa ya mfumo.

Hiyo CAS, mwalimu, isifiwe kwa kipimo. Zamani ilikuwa inahesabiwa kwa saa, 150 kwa jumla, na mnajua mtoto wa miaka 17 akiambiwa atafute saa atafanya nini. Kulikuwa na kituo kimoja cha watoto ambacho kila kundi letu lilikwenda kupaka rangi ukuta. Ukuta uleule. Tuliukwaruza tukakuta rangi ya kundi la mwaka jana, na chini yake ya mwaka juzi. Mlezi wa kituo alikuwa anatuletea brashi bila hata kuuliza tumekuja kufanya nini. Picha zikapigwa, saa zikasainiwa, tukaandika tafakuri kwamba tumejifunza unyenyekevu.

Baadaye hesabu ya saa ilifutwa. Sasa shughuli zinatakiwa kwenda kwa miezi 18, kuna matokeo 7 ya kujifunza ambayo mwanafunzi lazima ayaonyeshe, na angalau mradi mmoja wa pamoja usiopungua mwezi. Ni afadhali, ingawa mjanja hakosi njia.

Linganisheni na Atlantic College ya miaka ya 1960. Pale huduma ilikuwa uokoaji baharini, wa kweli, watu wanazama kweli. Boti za kawaida zilikuwa zinawasumbua kwenye mawimbi ya pwani ile, basi mkuu wa shule, Desmond Hoare, ofisa wa zamani wa jeshi la majini, akaanza kuhangaika na wanafunzi wake kwenye karakana. Wakaunganisha sakafu ngumu na maboya ya kujaza upepo. Ndipo ilipotokea ile boti ambayo leo vikosi vingi vya uokoaji na majeshi mengi ya majini wanayo. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Hoare aliiachia taasisi ya uokoaji baharini ya Uingereza kwa pauni 1. Hapo mtu akiniambia shule ina maadili ya huduma, namwelewa bila kusoma bango.

Chaki Vumbi

Begi umenikumbusha mbali. Ngoja na mimi nitoe la moyoni, maana huu uzi utaisha watu hawajagusa chumba cha walimu.

Mimi ni mwalimu mwenyeji katika shule ya kimataifa (jina nalihifadhi, bado nakula hapo). Ukutani kwetu kuna "usawa" kwa herufi kubwa. Kuna ngazi mbili za mshahara: ya walioajiriwa kutoka nje na ya walioajiriwa hapa. Shahada ileile, somo lilelile, vipindi vilevile. Mwenzangu analipiwa nyumba, nauli ya likizo na ada ya watoto wake hapohapo shuleni. Mimi wanangu hawawezi kusoma ninapofundisha.

Na hela siyo inayoniuma zaidi. Kinachoniuma ni vikao vya mtaala. Anayekuja kwa miaka 2 ndiye anaamua watoto wasome fasihi ipi, ya nani, kisha anaondoka. Anakuja mwingine anabadilisha. Sisi tuliobaki ndio tunaopanga upya makabati.

Mhasibu Mstaafu

Mwalimu Chaki, pole, na sikupingi kwa hasira. Nimeshika vitabu vya shule ya namna hiyo. Mwalimu wa fizikia aliyebobea kwenye mtaala fulani anatafutwa na shule za dunia nzima kwa wakati mmoja, na usipompa nyumba na nauli anakwenda kwingine. Ukiwapandisha wote ngazi moja, ada inapanda, watoto wanahama, shule inafungwa. Dhamira haiwezi kulipa mishahara.

Kuna jambo Kalamu hakuligusa, nalo ndilo lililobadilisha kila kitu: wanafunzi wenyewe. Zamani shule hizi zilikuwa za watoto wa wanadiplomasia, wa mashirika na wa kampuni za nje, wanaokaa kidogo na kuondoka. Leo katika shule nyingi wengi ni watoto wa wenyeji, wenye kutafuta lugha na njia ya kwenda vyuo vya nje. Shule nyingi pia zinamilikiwa na kampuni zenye wanahisa. Dhamira iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto wa balozi haimtoshi mtoto wa mfanyabiashara aliyezaliwa mtaa wa pili. Wengi wameiacha ileile, wamebadilisha picha tu.

Kwa hiyo mkitaka kujua dhamira ya shule, mimi nawashauri msiombe sera. Ulizeni ruzuku ya ada inawafikia watoto wangapi, na inatoka wapi. Kuna shule inatoa ufadhili mmoja kwa mwaka, na picha ya mtoto huyo iko kwenye kila kipeperushi mpaka anahitimu.

Chaki Vumbi

Mzee wangu nimekuelewa, hesabu ni hesabu. Basi wafute neno "usawa" ukutani. Waandike "soko". Nitaheshimu zaidi.

Mhasibu Mstaafu

Hapo sina jibu, mwanangu.

Mama Mapacha

Jamani mbona hakuna anayegusa lugha?

Wanangu waliingia shule ya kimataifa wakiwa darasa la pili. Kwenye korido kuna bango kubwa lenye "karibu" kwa lugha kama thelathini. Chini ya bango hilohilo mwanangu mmoja alinyang'anywa nyota za tabia njema kwa kosa la kuongea na pacha wake kwa lugha ya nyumbani wakati wa mapumziko. Kosa limeandikwa kwenye kadi yake, kwa kalamu ya kijani, "lugha isiyo ya shule". Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa ni kwa faida yake, azoee haraka.

Alizoea. Akaacha kumjibu babu yake kwenye simu.

Siku hizi nikisikia "tunaheshimu tamaduni zote" nauliza: wakati wa mapumziko mnafanyaje?

Kalamu Nyekundu

Dada, hili ndilo nililotaka mtu alilete, na ningekuwa na uwezo ningelibandika juu ya uzi.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ibara ya 29, unataja elimu ielekezwe kwenye nini. Kuna kifungu kinasema elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, kwa utambulisho wa utamaduni wake, lugha na maadili yake, kwa maadili ya nchi anamoishi na ya nchi alikotoka, na kwa ustaarabu tofauti na wake. Soma tena mpangilio: wazazi, lugha yake, nchi anamoishi, alikotoka, kisha wengine. Shule nyingi za kimataifa zimeruka moja kwa moja mpaka kwa hao wengine.

Na hapa Fungu nakujibu ulipouliza "mtazamo wa nani". Mtoto hajifunzi kuheshimu lugha ya mwingine kwa kuvuliwa ya kwake.

Kwa upande wa utendaji, njia zipo. Shule ya IB inatakiwa iwe na sera ya lugha inayosema itafanya nini kuhusu lugha za nyumbani. Kwenye diploma, mwanafunzi anaweza kusoma fasihi ya lugha yake hata kama shule haina mwalimu wake: anajisomea chini ya usimamizi wa shule, kwa ngazi ya kawaida, na mtihani anafanya kama wengine. Akisoma fasihi ya lugha mbili na kufaulu zote mbili, diploma yake inaandikwa kuwa ya lugha mbili. Shule nyingi haziwaambii wazazi. Kumtafuta msimamizi na kupanga ratiba ni kazi, na huo ndio mzigo ambao neno "heshima" linatakiwa kuubeba.

Fungu la Kukosa

Sawa, kwa hili la Mama Mapacha nimekaa kimya. Sijabadilika kuhusu matokeo, ila nina kisa kimoja kitakachomfurahisha Kalamu.

Darasa la mwanangu kulikuwa na kijana ambaye baba yake alijenga sehemu ya uwanja wa michezo wa shule. Kijana akaleta ile insha ndefu, mwalimu akaona sura nzima imenyofolewa mahali. Kazi hizi mwalimu lazima athibitishe kwamba ni za mwanafunzi kabla hazijatumwa. Akakataa kuthibitisha. Baba akaja, mwenyekiti wa bodi akaja, tukasikia sauti hadi maegesho. Mkuu wa shule akasema aandike upya au asitume. Aliandika upya, siku chache kabla ya mwisho, alama yake ikawa ya kawaida tu.

Mimi niliona ni ukatili kwa kijana. Baadaye nikaambiwa kwamba kazi ile ingetumwa na ikagundulika na wasahihishaji, hapati daraja kwenye kipengele hicho, na diploma yote inakwenda. Yule mkuu hakumaliza hata mkataba wake pale. Sijui kama mambo hayo mawili yana uhusiano.

Begi Mgongoni

Yana uhusiano, kaka. Nimeona wakuu wa shule wanavyoondoka.

Niongeze moja ambayo haimo kwenye maadili ya shule yoyote niliyosoma, ingawa ndiyo iliyoniumba: kuagana. Ruth Hill Useem, mwanasosholojia wa Marekani, alianza kuwachunguza watoto wa namna yetu miaka ya 1950, wanaokulia nje ya nchi za wazazi wao, akawapa jina la watoto wa utamaduni wa tatu. Kila Juni theluthi ya darasa inapotea. Kuna shule moja niliyosoma ilikuwa na mtu maalumu wa kazi hiyo: wiki za mwisho anakaa na wanaoondoka, anawauliza mna ugomvi na nani haujaisha, nani hamjamshukuru. Na anakaa na wanaobaki pia, ambao kwa kawaida hakuna anayewakumbuka. Shule nyingine iliagana na sisi kwa fomu ya kurudisha vitabu. Zote mbili zilikuwa na neno "kujali" kwenye nembo.

Chaki Vumbi

Na usalama, msilisahau. Kila shule imeandika "mazingira salama". Mwaka 2014 ilijulikana kwamba mwalimu mmoja alikuwa amezunguka shule za kimataifa za nchi mbalimbali kwa takriban miaka 40 akiwadhuru watoto, na shule moja baada ya nyingine ikawa inampokea. Mwaka huohuo mashirika ya elimu ya kimataifa yakaunda kikosi kazi cha pamoja cha kulinda watoto. Tangu hapo shule makini inapiga simu kwa waajiri wa nyuma, haitosheki na barua, na inataka cheti cha polisi kutoka kila nchi aliyoishi mwalimu. Mzazi uliza hilo hadharani. Kwetu, kwa haki yao, hilo wanalifanya kikamilifu, hata dereva wa basi wanamchunguza. Nimeisema mabaya, niseme na hili.

Jicho la Mwewe

Wakuu, nimesoma yote. Jumatatu nina ziara ya shule. Nipeni swali moja, siwezi kwenda na orodha kama mkaguzi wa kodi.

Kalamu Nyekundu

Muulize mkuu wa shule: "Ni kitu gani mlikitaka mkakiacha kwa sababu ya dhamira yenu?" Halafu nyamaza. Usimsaidie.

Mama Mapacha

Na ukipita kwenye mapumziko, tega sikio.

Mhasibu Mstaafu

Na ruzuku ya ada.

Jicho la Mwewe

Wakuu, mrejesho wa ile ziara ya Jumatatu.

Dada wa udahili alinitembeza saa nzima, majengo mazuri. Maadili yao ni sita, yamechorwa kwenye ngazi, moja kila kipandio. Mapumziko nilisikia lugha nne na hakuna aliyekemewa, Mama Mapacha uwe na amani.

Mkuu wa shule nilimpata dakika kama kumi. Nikauliza lile swali. Kwanza akacheka, akasema ni swali zuri, ile ya kuvuta muda. Nikanyamaza kama ulivyoelekeza mwalimu. Akasema bodi ilitaka waanze kuchuja kwa mtihani watoto wa darasa la kwanza, maana maombi yamezidi nafasi na wastani wa matokeo ungepanda. Walimu wa madarasa ya chini walikataa kwa barua ya pamoja, wakanukuu sentensi ya dhamira inayosema shule ni ya watoto wenye uwezo mbalimbali. Bodi ikarudi nyuma, kwa sasa. Hiyo "kwa sasa" aliisema mwenyewe.

Kuhusu ruzuku, alisema bajeti ipo ila takwimu hana pale. Kuhusu mishahara ya walimu sikuthubutu, Chaki unisamehe.

Fungu la Kukosa

Matokeo yao yakoje?

Jicho la Mwewe

Ya kati. Si ya kutisha wala ya kulia.

Chaki Vumbi

Umesamehewa. Hao walimu wa madarasa ya chini waliosaini barua, wangapi ni wenyeji? Ukirudi uliza hilo tu.

Jicho la Mwewe

Nitauliza. Nimeomba na sera ya ujumuishi, wameahidi kuituma kwa barua pepe wiki hii. Ikifika naibandika hapa tuipitie pamoja, hasa kile kipengele cha walimu wa msaada.